Karakana mbili, daftari moja

*Ijumaa usiku*

Mimi: Habari za jioni familia. Mama, Baba Mdogo, Shangazi, shikamooni. Mimi na Kaka tumezungumza wiki nzima, tunataka mlisikie hili kutoka kwetu wenyewe. Tunafikiria kuziunganisha karakana, useremala wake na kazi yangu ya kuvisha makochi. Miezi 14 kila mtu amehangaika kivyake na mmeona tulivyokonda.

Mama: Marahaba mwanangu. Hili nimeliombea.

Baba Mdogo: Marahaba. Kwanza nijibu: mnaungana kwa sababu kazi zenu zinahitajiana, au kwa sababu wote mmeishiwa?

Mimi: Yote mawili, Baba Mdogo, sikufichi. Mteja akija kwangu anataka kochi jipya, fremu sina, namwelekeza kwingine. Akienda kwa Kaka anaondoka na fremu tupu, aanze tena kumtafuta wa kuivisha. Wengi hawarudi.

Kaka: Halafu kodi mbili, umeme mara mbili. Gundi na misumari tunanunua rejareja, kila mtu kwa usafiri wake, duka lile lile. Tukichukua pamoja tunafikia bei ya jumla.

Mdogo Wangu: Shikamooni nyote. Mmenikumbusha habari za kampuni ya Procter & Gamble tulizosoma. William Procter alitengeneza mishumaa, James Gamble sabuni, kule Cincinnati, Marekani. Walikuwa wameoa ndugu wawili. Baba mkwe wao, Alexander Norris, akaona wote wanahangaikia mafuta yale yale ya wanyama, akawashawishi waungane. Ilikuwa 1837, mwaka ambao benki za huko ziliyumba vibaya.

Mama: Baba mkwe huyo alikuwa na macho.

Baba Mdogo: Alikuwa nayo. Na angalia alichokiona: malighafi moja. Hapo na nyinyi mpo. Ila msiishie hapo.

Shangazi: Wanangu, mimi niliwahi kushirikiana na rafiki yangu miaka mitatu, mnajua. Kila kitu kwa mdomo. Mimi nilileta mashine, yeye akaleta fedha na wateja. Faida ilipoanza kuonekana kila mmoja alikumbuka mchango wake mkubwa na wa mwenzake mdogo. Tuliachana vibaya. Mpaka leo tukikutana njiani kila mtu anainamia simu yake. Andikeni. Hata kama mmenyonya ziwa moja, andikeni.

Baba Mdogo: Tena msipoandika, sheria inawaandikia. Nchi nyingi zilizochukua sheria ya ubia ya Uingereza ya 1890 zina kanuni hii: pasipo makubaliano, wabia wanagawana faida na hasara sawasawa, haijalishi nani aliweka nini. Na katika ubia wa kawaida deni la biashara linawafuata nyote wawili, hadi kwenye mali zenu za nyumbani. Kwa hiyo kesho hesabuni. Vitu vyote, na madeni yote. Wekeni tarehe moja ya kukata hesabu.

*Jumamosi mchana*

Mimi: Tumeanza asubuhi, bado hatujamaliza. Msumeno wa umeme, randa mbili, cherehani mbili, moja inakata uzi. Hiyo nimeiandika kwa bei ambayo mtu angenipa leo, siyo niliyoinunulia. Iliniuma, maana nilijinyima sana kuipata.

Baba Mdogo: Ndivyo inavyotakiwa. Bei ya kununulia imeshapita.

Mimi: [picha] Hizi ni fremu tano ukutani, majina ya wateja kwa chaki. Kaka, tatu zina duara pembeni ya jina. Duara ni nini?

Mimi: Kaka?

Wifi: Baba watoto, waambie tu.

Kaka: Duara ni mteja aliyekwisha kutoa kianzio. Vile vianzio nilivitumia kulipa kodi ya miezi miwili. Mbao za kumalizia sina, fedha za kuzinunua pia sina. Sikukwambia kwa sababu niliogopa utaghairi. Nisamehe, mdogo wangu.

Mimi: Nimesimama hapa uani nimeshika simu. Nipeni dakika chache.

Mama: Jamani, ni kaka yako.

Shangazi: Wifi yangu, mama yao, mwache binti apumue.

Mimi: Nimerudi. Kaka, kilichoniuma ni kujua kwamba wiki nzima tunapanga, wewe unalijua hili. Fedha tutaipangia. Lakini kama kuna lingine, liseme leo.

Kaka: Hakuna lingine. Daftari langu lote nimekuwekea mezani, lisome.

Baba Mdogo: Nisikilizeni wote. Kianzio siyo mapato mpaka mzigo umfikie mwenyewe. Kabla ya hapo ni deni, hata kama kipo mfukoni mwako. Wengi wanaoanza wanaanguka hapa, wala siyo wezi, wanakula kesho yao bila kujua. Sasa chagueni: ama madeni ya kabla ya tarehe ya kukata abaki nayo kila mtu, ama biashara mpya iyachukue na yapunguzwe kwenye mchango wa mwenyewe.

Mimi: Nachagua la pili. Wale wateja watatu watakuja kwenye mlango huu huu. Hawatajali fremu ilikuwa ya nani. Tuzimalize kwa jina la wote, gharama iandikwe kwa Kaka.

Kaka: Nakubali. Tumepiga hesabu, inakuwa sehemu 6 zake na 4 zangu.

Mama: Lakini wewe ndiye mkubwa. Wangekuwa nusu kwa nusu tu, ndugu hawa.

Baba Mdogo: Mama, mtaji na kazi tuvitenganishe. Kila mwezi wote wawili wachukue mshahara ule ule, kwa sababu wote wanatoa jasho. Kinachobaki ndicho kigawanywe 6 kwa 4. Kaka mtu akitaka kufika nusu, sehemu ya faida yake aiache ndani mpaka ifike. Na andikeni kabisa: mmoja akitaka kutoka, mwenzake ndiye wa kwanza kuulizwa kununua.

Mama: Hapo nimeelewa. Basi sawa.

Shangazi: Na fedha isitoke benki bila sahihi mbili.

Mdogo Wangu: Jina je?

Mimi: Jina litangoja. Kwanza hawa watatu.

*Jumamosi jioni*

Kaka: Nimewapigia wote watatu. Nimewaambia ukweli kwamba nimechelewa na kwa nini. Mmoja amenisema sana, nimenyamaza mpaka akamaliza. Mmoja anataka fedha yake, nimemwomba wiki mbili, amekubali kwa shingo upande. Wa tatu ameuliza kama tunaweza kumvishia kabisa badala ya fremu tupu. Nikamwambia tunaweza.

Mimi: Wa viti vitatu?

Kaka: Huyo. Nimempa tarehe 18, nimeiandika kwa chaki chini ya jina lake. Nimeanza kupiga msasa, usiku huu napaka vanishi.

Mimi: Mikono ya kochi usiipake, inavishwa, gundi haitashika. Paka miguu peke yake. Jumatatu asubuhi nakuja na sponji.