Seneta akishtaki sheria ya Bunge, anaingia kortini kama nani?

MwalimuKaloleni
Wadau, naomba kueleweshwa. Leo tulibishana stafurumu mpaka kengele ikalia. Mwenzangu wa hesabu anasema Okiya Omtatah ni seneta wa Busia, kazi yake ni kutunga sheria, kwa hivyo hana ruhusa ya kuishtaki sheria iliyotoka Bungeni. Kwake ni sawa na mchezaji aliyefungwa uwanjani kutaka kushika filimbi. Mimi nasema ana haki, ila nilipoulizwa kifungu gani nikabaki kukodoa macho. Mshahara wangu bado unakatwa asilimia 1.5 ya mradi wa nyumba wa serikali, kwa hivyo si ubishi wa kupoteza muda tu.

KaraniMstaafu_Msa
Mwalimu, mimi nimezeekea masjala ya mahakama. Mpe mwenzako vifungu viwili vya Katiba ya Kenya ya 2010: cha 22 na cha 258. Vyote vinasema "kila mtu". Unaweza kwenda kwa ajili yako mwenyewe, kwa niaba ya asiyeweza kwenda, kwa niaba ya kundi, au kwa maslahi ya umma. Omtatah na wenzake walipoipinga Sheria ya Fedha ya 2023, iliyoleta hayo makato ya nyumba, waliingia kwa mlango huo. Useneta haukumfungulia wala haukumfungia. Tena huyo mwenzako amesahau kwamba mswada ule ulipitia Bunge la Taifa peke yake, Seneti haikuupigia kura. Amefungwa uwanja gani?

Nyinyi vijana mnaliona jambo dogo. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda kortini kuzuia jengo la orofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Akaambiwa hana haki ya kushtaki, kwa sababu hakuonyesha dhara lililompata yeye zaidi ya watu wengine. Hoja yake haikuguswa, aliulizwa tu "wewe ni nani?" Jengo lile lilikwama baadaye kwa kelele za watu na wafadhili kujitoa, wala si kwa hukumu.

Wako wanaodai sheria iwape wabunge haki yao maalum ya kushtaki. Mimi sitaki. Wamarekani walijaribu. Mwaka 1996 walitunga sheria ya kumruhusu Rais kufuta kipengele kimojakimoja cha matumizi, na humo humo wakaandika kwamba mbunge yeyote anaweza kuishtaki. Wabunge sita waliokuwa wameipinga, Seneta Robert Byrd akiwa mmoja wao, wakaenda. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu, majaji saba kwa wawili, ikawarudisha: nyinyi binafsi hamjadhurika, mmeshindwa kura tu. Mwaka uliofuata sheria ile ile ikaangushwa, sita kwa watatu. Safari hii waliobisha hodi ni walioguswa wenyewe mfukoni: jiji la New York na wakulima wa viazi wa Idaho! Maseneta wanakataliwa, wakulima wa viazi wanapita.

Sijali254
Porojo. Hao wanatafuta kura tu. Mbona mishahara yao ikipandishwa hatuwaoni kortini?

KaraniMstaafu_Msa
Hilo sikubishii. Lakini masjala hatukuwa na muhuri wa kupimia nia ya mtu.

MamaLubumbashi
Huku kwetu Kongo Katiba imeweka hesabu. Sheria ikishapitishwa, sehemu moja ya kumi ya wabunge au ya maseneta wanaweza kuipeleka Mahakama ya Katiba ndani ya siku 15, kabla haijatangazwa. Bunge letu lina viti 500, kwa hiyo zinatakiwa sahihi 50. Upinzani ukiwa mdogo mnahesabiana vidole na hamfiki. Uzuri wake, sheria inapimwa kabla haijaanza kula pesa za watu.

KaraniMstaafu_Msa
Mama, hapo mmetupita. Tazama yetu: Juni 30, 2023 Jaji Mugure Thande aliisimamisha Sheria ya Fedha. Julai 28 Mahakama ya Rufaa ikaondoa zuio. Novemba 28 Mahakama Kuu ikasema makato ya nyumba yanakiuka Katiba. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa ikaitupa sheria yote, na Oktoba 29 Mahakama ya Juu ikairudisha. Katikati ya vuta nikuvute hiyo, Machi 2024, ikaja sheria mpya ya nyumba. Hiyo ndiyo inayokukata sasa, Mwalimu. Kupima sheria mapema kungetupunguzia mengi. Ila hizo siku 15 ningempa kila raia, nisiwaachie wabunge 50 ambao kiongozi wa chama anaweza kuwapigia simu usiku wakafuta sahihi.

MwalimuKaloleni
Asante mzee, kesho nina la kusema. Na mimi nikitaka kwenda, ada si itanimaliza?

KaraniMstaafu_Msa
Soma 22(3)(c): kufungua shauri la haki za msingi hakutozwi ada. Na kanuni za 2013 zinairuhusu mahakama kupokea hata barua, au malalamiko ya mdomo. Pesa zitakutoka kwenye nakala na nauli, na kwa wakili ukimtaka. Lakini andika haki gani imevunjwa, na nani, lini, na kifungu chake. Nimepokea barua za kurasa kumi za hasira tupu, kifungu hata kimoja hakimo, na jaji hana pa kuanzia.