RS4 Avant au C63 wagoni, zote ziko yadi moja, nisaidieni kabla sijalipa

Buti_Kubwa

Wakuu habarini. Natafuta stesheni wagoni yenye mbio za kweli kwa muda sasa, maana nina watoto na mbwa mkubwa na mizigo haiishi, ila SUV siitaki kabisa, gari ya kwenda juu ikianza kulala kwenye kona raha yote inaniisha. Sasa nimepata yadi inauza mbili na zote nazipenda, kichwa kinazunguka.

Ya kwanza Audi RS4 Avant B7 ya 2007, ile V8 ya 4.2 isiyo na tabo, gia 6 za mkono, dashibodi inasoma kilomita 94,000. Ya pili Mercedes C63 AMG wagoni ya 2010, V8 ya 6.2, otomatiki, kilomita 158,000. Bei zimekaribiana sana. Muuzaji ananisukuma kwenye RS4, anasema imetembea kidogo, ina shokapu mpya na ekzosi mpya, na eti kuna mtu mwingine anakuja kuilipia wikiendi. Kitabu chake cha sevisi kina pengo la miaka kama minne hivi katikati. C63 ina risiti zote tangu mmiliki wa kwanza, faili nene kabisa, lakini hizo kilomita zinanitisha. Zote anazitolea waranti ya miezi 3.

Nimeziendesha zote, na RS4 ndo imeniteka, ile injini ikipita 7,000 acha tu. Sasa wenye uzoefu, kilomita chache bila makaratasi au kilomita nyingi zenye makaratasi? Na niangalie nini hasa kwenye kila moja?

spana_kumi

Makaratasi mkuu, siku zote makaratasi. Gari ya kawaida unaweza ukabahatisha ukapona, ila hizi injini zimekamuliwa mpaka mwisho, RS4 inatoa hosipawa 420 kwa lita 4.2 bila tabo na inazunguka mpaka 8,250, hiyo C63 ni 457. Injini ya namna hii ukiinyima oili sahihi kwa wakati inakudai baadae. Kilomita 94,000 za mtu aliyekua anakanyaga mpaka chini oili ikiwa bado ya baridi ni mbaya kuliko 158,000 za mtu aliyesubiri ipate moto ndo akaanza kuikimbiza, na hiyo dashibodi haikuambii. Miaka minne bila risiti hujui kama ilipaki tu au ilipigwa bila sevisi, na zote mbili ni mbaya kwa gari hii.

Sasa kwenye RS4, cha kwanza masizi. Mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, hayapiti kwenye valvu za kuingiza hewa, kwahiyo hakuna kinachoziosha na mvuke wa oili unaganda pale mwaka hadi mwaka. Nguvu inapungua taratibu mpaka dereva hata hajui kama amepoteza kitu, na wewe ulieijaribu mara moja ndo kabisa huwezi kujua. Dawa yake ni kufungua manifoldi na kuzipiga valvu kwa chembe za maganda ya walnut mpaka zing'ae, halafu baada ya muda yanarudi tena. Muulize ilifanyika lini mara ya mwisho. Akikutolea macho jua haijafanywa.

C63 ina ugonjwa wake na ni mkubwa zaidi, sitaki kukuficha. Hiyo injini ya M156, zile za miaka ya mwanzo bolti za hedi (kichwa cha injini) zinakula kutu na kukatika, kulanti, yani maji ya kupoza injini, inaingia kwenye silinda. Pistoni haiwezi kubana maji, ukiwasha asubuhi silinda imejaa unaweza kupinda konrodi. Mercedes walibadilisha bolti baadae, na gari ya 2010 usiamini mwaka, nenda na namba ya injini uulize. Ya pili ni kamshafti na lifta, vile vinavyosukuma valvu kufunguka, zinachakaa, na dalili yake ni tiktiki inayosikika ikiwashwa baridi na isiyoondoka oili ikishapanda.

Nakuuliza swali moja: ulipofika, hizo injini zilikua za baridi?

Avant_tu

Hiyo "shokapu mpya" usiipitishe hivihivi. RS4 ilitoka kiwandani na DRC, yani shokapu zimeunganishwa kwa mabomba ya oili kwa mshazari, ya mbele kushoto na ya nyuma kulia, na mbele kulia na nyuma kushoto, ndo maana ikiingia kwenye kona inakaa tambarare vile. Raha sana ikiwa nzima. Tatizo zinavuja, na hilo kila mwenye B7 analijua. Kuna wanaorudishia zilezile, ambapo mfumo lazima ujazwe oili kwa presha na mashine yake maalum, sio fundi yeyote anaweza. Wengine wanazitoa zote wanaweka koilova za kawaida (shokapu na springi yake kwa pamoja), na mimi siwalaumu, kuna koilova nzuri kabisa. Ila lazima ujue unanunua nini, kuna shokapu za bei ya chini ambazo zinaingia kwenye ile bodi na zinaharibu gari yote, inarukaruka tu kama mkokoteni. Aseme chapa na aonyeshe risiti.

Halafu chungulia breki. Diski za mbele ni milimita 365 na kalipa ina pistoni 8, sio spea za kuokota. Pitisha kidole kwenye ukingo wa diski, ukikuta ngazi imesimama basi seti inakaribia kuisha na hiyo ni hoja ya kupunguza bei. Tairi nazo, zote 4 ziwe chapa moja na uchakavu unaokaribiana, gari inavuta miguu yote. Mtu aliyeweka tairi za ovyo kwenye RS4 alibana matumizi na kwenye oili, mimi naamini hivyo na sijaona sababu ya kubadili mawazo.

Pamoja na hayo yote naipenda hii gari na nisingependa uikimbie kwa uoga. Ikiwa safi, hakuna wagoni ya umri ule inayokupa injini ile na gia za mkono kwa pamoja.

Dada_wa_Mauzo

Kaka, wenzangu wameongea ya injini, mimi nimeuza magari ya mitumba miaka kadhaa ngoja niseme ya upande wa yadi.

Mteja wa wikiendi msahau. Anaweza akawepo kweli, lakini uwepo wake haubadilishi hali ya gari, kwahiyo usimruhusu akuharakishe.

Waranti ya miezi 3, omba karatasi yenyewe uisome nyumbani, usisomewe. Angalia nani analipa, yadi yenyewe au kampuni nyingine ya waranti, na kama kuna kikomo cha pesa kwa kila tengenezo, maana kikomo cha gari ndogo kwenye V8 kama hizi kinaishia kwenye kufungua boneti tu. Angalia pia wameandikaje kuhusu vitu vinavyochakaa. Klachi, shokapu, breki, masizi ya kwenye valvu, kwa kawaida vyote vinatupwa nje, yani karibu kila kitu kinachosumbua kwenye RS4. Na kama ekzosi sio ya kiwandani wanaweza kusema gari imebadilishwa wakagoma kulipa.

Muulize pia hiyo gari ni ya yadi au wanamuuzia mtu mwingine. Jina kwenye kadi litakuambia. Kama ni ya mtu, ikitokea shida yadi itakwambia mtafute mwenyewe, na mwenyewe humjui. Hapohapo hakikisha haina mkopo. Ahadi yoyote ya mdomo iingie kwenye mkataba kabla ya sahihi, "tutakubadilishia diski" bila maandishi hamna kitu pale.

Nyingine ambayo wanunuzi wengi hawaijui: fundi wako akichomeka mashine ya kusoma makosa asiishie kuona hakuna kosa. Kompyuta ya gari ina majaribio yake ya ndani ya sensa na moshi, mtu akifuta makosa na majaribio yanarudi mwanzo, mpaka gari itembee vya kutosha ndo yanakamilika. Ukikuta hakuna kosa hata moja lakini majaribio hayajakamilika, uliza nani kaifuta na kwanini, ingawa betri iliyokatwa karibuni nayo inaweza kuleta hivyo. Na kilomita nazo zisomwe kwenye kompyuta nyingine za gari zinazozihifadhi, sio dashibodi peke yake.

Mzee_wa_V10

Achana na zote, tafuta M5 Touring E61. V10, hosipawa 507, zilitengenezwa kama elfu moja tu duniani. Hutajuta.

spana_kumi

@Mzee_wa_V10 naiheshimu sana hiyo injini ila mtu ana watoto na anaogopa kilomita, unampeleka kwenye beringi za konrodi, mota za throtu na giaboksi ya SMG (ile ya kubadilisha gia kwa kompyuta) kwa mpigo? Hiyo ni gari ya mtu mwenye gari nyingine ya kwendea kazini.

Buti_Kubwa

Asanteni sana wakuu, sikutegemea majibu ya hivi. @spana_kumi umenigusa penyewe, kila nilipoenda RS4 ilikua tayari ina moto, nilidhani wananiandalia tu. Nimempigia muuzaji nikamwambia naomba niikute haijawashwa kabisa na fundi wangu ainyanyue kwenye lifti ya gereji yake. Amekataa, anasema ukaguzi ufanyike palepale yadi. Kwa C63 amekubali bila shida, niichukue asubuhi na mapema ya baridi. Shokapu za RS4 anasema ni "za kisasa", chapa hakumbuki.

Nimepitia faili la C63 jana usiku, nimekuta risiti ya kamshafti na lifta kubadilishwa, oili imebadilishwa kila mwaka bila kuruka. Ya bolti za hedi sijaiona. Namba ya injini nimeipeleka kuulizwa, na wamenijibu ni ya zile zenye bolti za zamani. Niiache au?

Avant_tu

RS4 iache, inaniuma kuandika ila iache. Muuzaji anaekuzuia usiisikilize ikiwa baridi anajua utasikia nini.

spana_kumi

Usiiache C63, ifanye kuwa sharti. Kwenye ukaguzi fundi apime mfumo wa kulanti kwa presha aone kama inashuka, kisha atoe plagi zote 8 apitishe kamera ndani ya kila silinda. Pistoni iliyooshwa safi wakati jirani zake zina masizi ya kawaida, hapo kulanti inaingia, na hapo ndo unaondoka.

Kama ziko kavu zote, bolti zinaweza kubadilishwa moja baada ya nyingine bila kunyanyua hedi, kamshafti ndo zinatoka kupisha. Ni kazi ya fundi anaeijua hiyo injini, sio ya kujifunzia. Pata bei yake kwa maandishi, mpelekee muuzaji, ama aifanye yeye kabla hujalipa kwenye gereji unayoichagua wewe, ama aikate kwenye bei na uiendeshe moja kwa moja mpaka kwa fundi. Kama ukitanguliza amana, mkataba useme wazi inarudi yote ukaguzi ukikuta maji kwenye silinda. Akikubali hayo, kilomita 158,000 zisikutishe.