Caravan ya simuleta ina miguu ya uongo, halafu wanatuuzia kama "halisi kabisa"

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Kuna watengenezaji (jina nalihifadhi kwa sasa) wametuuzia ndege ndogo ya Cessna Caravan ya simuleta (mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege) kwa bei ya kukata maini. Viti vina hadi mishono, kioo kina mikwaruzo. Njoo kwenye miguu sasa: takataka.

Sisi wa Mwanza Caravan tunaziona uwanjani kila leo zikienda na kurudi Serengeti. Simama mbele yake inapopakiwa uangalie miguu mikubwa miwili. Inatanuka, matairi yanaachana. Mzigo ukishuka, yanarudi. Ile miguu haina shokapu! Ni bomba la chuma cha springi, linapinda na kurudi. Shokapu ya oili iko mguu wa mbele peke yake.

Hawa jamaa wameiwekea miguu yote shokapu ya kupanda na kushuka wima, utadhani ni Dash 8, ile ndege kubwa zaidi ya abiria. Tairi linazama juu moja kwa moja, halitanuki hata inchi. Nikafungua faili la flight_model.cfg, lenye namba zinazoiambia simuleta ndege iruke na itue vipi. Miguu yote mitatu ina namba zilezile, kopi na kupesti! Na namba ya kutuliza mdundo, ambayo 0 maana yake ndege idunde bila kizuizi na 1 itulie bila kudunda, wameiacha karibu na sifuri. Unagusa ardhi kwa futi 100 kwa dakika, taratibu kabisa, ndege inaruka kama mpira wa tenisi.

Kwenye Caravan ya kweli sehemu kubwa ya mdundo inauawa na matairi. Miguu ikitanuka, raba inaburuzwa pembeni kwenye lami na nguvu inaishia hapo. Kwa hiyo lami ya Mwanza na changarawe ya kiwanja cha Seronera, kule Serengeti, haziwezi kukupa mtuo uleule. Kwao ni sawasawa tu.

Niliwaandikia. Wakanijibu nijifunze kutua. Nijifunze kutua! Ndege ikiwa imeegeshwa, injini imezimwa, ukiongeza abiria kwenye menyu inaanza kunesanesa yenyewe. Hapo rubani kakosea nini?

Warekebishe au warudishe hela zetu. Na mwenye video ya Caravan ikitua, iliyopigwa kutoka mbele usawa wa matairi, aitupie hapa niwatumie.