Mwanamke na kisu katika picha za Yoshitoshi

Mwalimu wa sanaa, Kisumu: Hamjambo wenzangu. Ninawafundisha vijana kuchonga mbao na kuchapa picha, na ningependa kuwaonyesha ile ya Yoshitoshi, mchoraji wa Kijapani, ya mwaka 1885, ambamo mwanamke mjamzito amening'inizwa kichwa chini, tumbo likiwa halijafunikwa, huku ajuza akinoa kisu chini yake. Je, tuisome kama chuki dhidi ya wanawake?

Msomaji, Nakuru: Mwalimu, anza na hadithi yenyewe. Kwa masimulizi mengine, ajuza huyo alikuwa yaya aliyetafuta dawa ya kumponya mtoto aliyemlea, dawa ambayo ilipaswa kutolewa tumboni mwa mjamzito, na mwanamke aliyemuua kwa ajili hiyo akaja kumtambua kuwa binti yake wa kumzaa. Angalia pia kwamba hakuna hata tone la damu, kwa kuwa mchoraji amesimama kabla ya pigo, na hata hivyo serikali ya Japani ya enzi ya Meiji iliipiga marufuku. Hata hivyo sikubali kwamba hadithi inamwondolea mchoraji lawama, maana ni yeye aliyechagua kuuanika mwili ule hivyo.

Mchapaji, Kakamega: Naungana na Msomaji. Ilinganishe na mfululizo wa mauaji 28 ambao Yoshitoshi aliuchora pamoja na mchoraji mwenzake Yoshiiku mwaka 1866 na 1867, ambamo wanaume pia wanachinjana. Kumbuka vilevile kwamba wanawake walikatazwa jukwaa la kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, mwaka 1629. Kwa hiyo, katika picha za maigizo, "mwanamke" anayeuawa huwa ni mwigizaji wa kiume, na wanunuzi walilijua hilo. Waulize vijana: ni nani aliyekuwa akitazama?