Mdogo wangu ana baipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), anataka kuacha dawa yake ya lithiamu sababu ya kutetemeka. Nifanyeje?

Mlezi_Zamu: Wadau, naomba ushauri. Mikono inamtetemeka akishika kikombe na kiu haimwishi. Anasema dawa inammaliza, haimezi tena. Nimwekee kwenye chakula kwa siri?

NesiWodini: Usithubutu. Akigundua, hatakula tena ulichopika, na dawa ndiyo basi. Kutetemeka kidogo kwa vidole na kiu ni maudhi ya kawaida. Daktari anaweza kupunguza dozi. Maji mwache anywe. Cha kuogopa ni mtetemeko mkubwa wa kumwaga kinywaji, kuyumba akitembea, ulimi mzito, kutapika, kuharisha. Hapo lithiamu imezidi mwilini: dozi inayofuata asimeze, mpeleke hospitali muda huohuo na pakiti ya dawa mkononi.

Fundi_Maabara: Mara ya mwisho kupimwa kiwango cha lithiamu kwenye damu alikuwa ameshameza?

Mlezi_Zamu: Ndiyo, alimeza asubuhi, tukaenda.

Fundi_Maabara: Basi hicho kipimo hakina maana. Damu hutolewa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho: akimeza saa 3 usiku, atolewe saa 3 asubuhi, na kama ana dozi ya asubuhi aimeze baadaye. Ukiwahi, namba inakuja juu na dozi inapunguzwa bure. Wengi hulengwa 0.6 hadi 0.8 mmol/L. Figo na thairoidi (tezi ya shingoni) nazo zipimwe kila miezi 6.

Bi_Dawa: Anatumia dawa gani za maumivu? Aibuprofeni na diklofenaki hupandisha lithiamu. Parasetamo haina shida hiyo. Chumvi pia asiikate ghafla, maana figo zikikosa chumvi hung'ang'ania lithiamu. Akisahau dozi, asimeze mbili kufidia.

Mlezi_Zamu: Na akikataa kabisa?

NesiWodini: Usibishane naye kama anaumwa au haumwi, mtakesha. Mwambie, "Huu mtetemeko tukamweleze daktari." Hilo analitaka hata yeye. Kama ni kuacha, hupunguzwa taratibu kwa wiki 4 au zaidi, ikiwezekana miezi 3. Kukata ghafla huita mania, yaani hali ya kuchangamka kupita kiasi. Andika saa anazolala kila siku. Akilala kwa masaa matatu tu, usiku mbili mfululizo, na bado ana nguvu tele, piga simu kliniki, usingoje aanze kugawa pesa. Suala la kadi ya benki kubalianeni sasa, akiwa ametulia.