Mtoto wa miaka minne anakataa mboga zote mezani

Mama Tabata:
Wazazi wenzangu, habari za jioni. Kijana wangu hali chochote isipokuwa wali mtupu na chipsi, na jani la mchicha likigusa wali wake husukuma sahani na kuanza kulia. Baba yake anataka alazimishwe, ilhali bibi yake, ambaye tunaishi naye, humkaangia yai kila anapokataa. Naombeni ushauri.

Baba Pacha, Mbagala:
Dada, yai la bibi ndilo linaloharibu, kwa sababu mtoto anayejua kwamba akigoma ataletewa kingine hana haja ya kuonja. Kumlazimisha nako hakusaidii, kwani humfanya akichukie chakula chenyewe. Wewe amua kipikwe nini na kiliwe saa ngapi, naye aachiwe kuamua ale kiasi gani. Mchicha uwekwe kwenye bakuli la peke yake, ajipakulie akitaka, na pawepo mezani kitu kimoja anachokipenda. Bibi mzungumze naye kwa heshima, mtoto asiwepo.

Muuguzi:
Naongezea kwamba baada ya mwaka wa kwanza kasi ya kukua hupungua, na hamu ya kula hupungua pamoja nayo. Tena watoto wengi wa umri huo huogopa chakula wasichokizoea, hivyo huenda ukahitaji kumwonjesha mboga ileile mara 10 au hata 15 kabla hajaikubali. Chunguza pia anachokula mchana, maana biskuti na juisi za paketi humfikisha mezani akiwa ameshiba, na maziwa yakizidi takriban nusu lita kwa siku huua hamu na huweza kuchangia upungufu wa madini ya chuma. Nenda na kadi yake kliniki. Ikiwa uzito umesimama au unashuka, au ikiwa anapaliwa mara kwa mara anapokula, aonwe na daktari.

Mama Tabata:
Ahsanteni sana. Je, dagaa? Analalamikia harufu.

Bibi wa Temeke:
Mwanangu, watoe vichwa, waoshe kwa maji ya moto, uwakamulie ndimu, kisha uwakaange mpaka wakauke kabisa. Harufu itapungua sana, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao, mtoto atapata kalsiamu. Mkalishe jikoni akusaidie kutoa vichwa, wala usimwambie aonje. Wangu walikuwa wakidokoa wenyewe kabla sijapakua.