Naomba ushauri: huduma ipi ya malipo tuiamini kuiunganisha na mfumo wetu?

Wakuu, habari za kazi. Tunajenga mfumo wa SACCOS ambao wanachama watalipa marejesho kwa simu. Tunaweza kuunganisha moja kwa moja na kila mtandao wa simu, au kupitia kampuni moja ya kati. Njia ya pili inapunguza kazi sana, ila kampuni hiyo ikiyumba nasi tunayumba.

Hofu yangu kubwa ni ombi linalokatika njiani. Kwenye HTTP (utaratibu ambao programu hutumia kuwasiliana mtandaoni), ombi la GET (kusoma taarifa) au PUT (kuweka taarifa mahali pake) likirudiwa matokeo yanapaswa kubaki yaleyale, lakini POST (kutuma taarifa zishughulikiwe) haina ahadi hiyo, na malipo kwa kawaida hutumwa kwa POST. Jibu lisiporudi, programu ikatuma tena, mwanachama anaweza kukatwa hela mara mbili! Huduma makini, kama Stripe (kampuni ya malipo ya mtandaoni), hupokea namba ya kipekee ya kila ombi ili likirudiwa lisitekelezwe upya. Kampuni mojawapo tunayoipima haina kitu hicho kwenye maelezo yake. Mimi ningeikataa hapo hapo. Wenzangu wanavutiwa na bei.

Nafikiria pia tuweke tabaka letu la programu katikati ya mfumo na kampuni ya malipo, ili mfumo usijue kampuni gani iko nyuma na tuweze kulitumia kwa wateja wengine. Mliowahi kufanya hivi, mlilijenga mapema au mlisubiri hadi ilipokuja kampuni ya pili? Na taarifa za malipo zinazoletwa na seva yao mnazihakikije? Sahihi ya HMAC (msimbo unaotengenezwa kwa ufunguo wa siri kuthibitisha mtumaji) inatosha, au mnauliza tena hali ya muamala kabla ya kupunguza deni la mwanachama?